Kuvuja mkojo kwa akina mama: Kabla hujauza mbuzi kwa ajili ya leza

Mada ya leo ni ya ndani ya nyumba, na pengine baba mwenye nyumba akiona kichwa cha habari atapenda kuuruka ukurasa huu. Namuomba asiuruke. Mengi tutakayoyasema hapa yanamhusu yeye kama yanavyomhusu mkewe, mama yake mzazi na binti yake aliyejifungua juzi.

Shangazi yangu anaishi Lionja, kule Nachingwea. Amezaa watoto tisa. Kwa miaka yote niliyomfahamu alikuwa mtu wa swala ya jamaa na darsa, mwenye kuwaamsha wenzake daku. Ramadhani mbili zilizopita akaacha kwenda tarawehe. Baadaye akaacha na darsa ya akina mama. Watu wakasema amegombana na ustadhati, wengine wakasema ni uzee. Yeye mwenyewe hakusema neno.

Ukweli ulikuja kujulikana kwa sababu ya fedha. Malipo ya mnada wa korosho yalipoingia, mwanawe aliyeko Dar es Salaam alimtumia tangazo kwenye simu ya jirani. Tangazo lilisema kuna tiba ya leza kwa wanawake wanaovuja mkojo: nusu saa tu, hakuna kisu, hakuna kulazwa, na mama anarudi kuwa kama msichana. Shangazi akauliza bei. Bei ile ingemaliza fedha yote ya korosho za msimu na bado wangeuzwa mbuzi. Hapo ndipo aliponipigia simu. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nikikohoa nalowa. Nikiinama kurukuu nalowa. Nitasimama vipi safuni na wenzangu? Nikauze hawa mbuzi au nisiuze?"

Sikumjibu siku ile. Nilikwenda kuuliza wenye ujuzi na kusoma yaliyoandikwa, kisha nikamjibu. Haya unayoyasoma ndiyo niliyomwambia, pamoja na mengine ambayo sikuweza kumwambia kwenye simu ya jirani.

Ni ugonjwa gani huu?

Kwanza tuelewane jina. Wazungu huliita tatizo hili kwa neno ambalo pia hutumika kwa msongo wa mawazo, na ndiyo maana baadhi ya watu hudhani ni ugonjwa wa mwenye fikra nyingi. Sivyo. Msongo unaokusudiwa hapa ni wa tumbo. Ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka, ukibeba ndoo au ukitwanga, tumbo linakandamiza kibofu kwa ghafla. Kwa mwanamke mwenye afya, misuli iliyotandazwa chini ya nyonga kama kitanda cha kamba inajikaza wakati huohuo na kuibana njia ya mkojo. Kamba za kitanda hicho zikilegea, mkojo unachupa. Wakati mwingine ni matone, wakati mwingine ni khanga nzima.

Zinalegea kwa nini? Sababu kubwa ni uzazi: mimba nyingi, uchungu mrefu, mtoto mkubwa. Kisha hufuata kukoma hedhi, unene, kikohozi kisichopona, choo kigumu cha miaka, na mizigo. Nitairudia hii ya mizigo, maana kuna maneno nataka kuwaambia akina baba.

Kabla ya hapo, kuna jambo ambalo mama yeyote anayevuja lazima alijue, kwa kuwa kukosea hapa ni kupoteza miaka. Si kila mkojo unaovuja ni wa aina hii. Mama anayevuja anapokohoa tu, na akitulia anakuwa mkavu, huyo ndiye tunayemzungumzia. Mama anayeshikwa na haja ya ghafla, akakimbia na asifike chooni, huyo tatizo lake ni kibofu chenyewe kujikunja bila ruhusa, na matibabu yake ni mengine. Mama anayekojoa mara kwa mara na kuona kiu kali apimwe sukari. Mwenye maumivu na mkojo unaochoma apimwe maambukizi. Na mwenye damu kwenye mkojo, hasa kwetu huku kusini ambako kichocho si kigeni, apimwe kichocho, kwani dawa yake ni vidonge na inapatikana.

Halafu yupo mama ambaye mkojo wake unatiririka mchana na usiku, amekaa au amelala, hana habari ya kikohozi, na hali hiyo ilianza siku chache baada ya uchungu uliochukua siku nzima au mbili. Huyo si wa kulegea misuli. Huyo kwa uwezekano mkubwa ana fistula. Kichwa cha mtoto kilikaa muda mrefu kikibana nyama kati ya kibofu na uke, damu ikakosa kupita, nyama ikafa na tundu likabaki. Tundu hilo ni la kuzibwa kwa upasuaji. Halizibwi na mazoezi, wala leza, wala kombe. Hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani, Dar es Salaam, imekuwa ikiwatibu wagonjwa hawa kwa miaka mingi bila kuwatoza, na tangu miaka ya mwisho ya 2000 ilianza kutuma hata nauli kwa M-Pesa ili mama wa kijijini asikwame kwa kukosa pesa ya basi. Ukimjua mwanamke kijijini kwako anayenuka mkojo na aliyeachwa na mumewe, usimcheke. Mpeleke zahanati, mwambie mganga wa zamu aandike rufaa, na umtaje kwa jina ugonjwa unaoushuku. Wapo pia waliozibwa tundu likapona vizuri lakini wakabaki na kuvuja wanapokohoa. Hao wasidhani upasuaji umeharibika. Warudi waliko fanyiwa na waeleze, maana hilo nalo lina njia zake.

Nilimuuliza shangazi maswali haya yote kwenye simu, mengine kwa mafumbo kwa sababu ya jirani. Yake ilikuwa ya kikohozi na kuinama.

Leza inafanya nini?

Leza ni mwanga uliokusanywa mahali pamoja mpaka ukawa na nguvu ya kuchoma. Madaktari wa macho wanautumia, na wa ngozi pia. Kwa tatizo hili hutumika aina mbili zaidi, moja ya hewa ya kaboni dayoksaidi na nyingine ya madini ya erbiamu. Chombo chembamba huingizwa ukeni, mwanga unapigwa kwenye ukuta ulio chini ya njia ya mkojo, na nyama inapashwa joto. Wenye kuiuza wanasema joto hilo linazikaza nyuzi za nyama zinazoitwa kolajeni na kuuchochea mwili utengeneze mpya, hivyo njia ya mkojo inapata pa kuegemea. Kwa kawaida mama huambiwa aje mara mbili au tatu, kwa nafasi ya mwezi hivi kati ya safari na safari, na wengi huambiwa warudie tena baada ya mwaka. Tangazo la nusu saa huwa halisemi hesabu hiyo ya kurudia. Mtu wa Lionja aizidishe pia kwa nauli na mahali pa kulala.

Je, inafanya kazi? Nitakuwa mkweli, sitaki kumtia mtu upande. Mwaka 2018 madaktari wa Slovenia walichapisha utafiti wa wanawake 114. Nusu walipigwa leza ya erbiamu, nusu waliwekewa mashine ileile bila mwanga kutoka, na wenyewe hawakujua nani yuko kundi gani. Baada ya miezi mitatu waliopata leza ya kweli walikuwa na nafuu zaidi. Hilo lisifichwe. Lakini mwaka 2022 ukachapishwa utafiti wa Australia uliotumia leza ya kaboni dayoksaidi kwa namna hiyohiyo, ya kweli kwa kundi moja na ya bandia kwa jingine, kwa wanawake kama mia moja. Baada ya miezi mitatu hapakuwa na tofauti kati ya makundi mawili.

Msomaji atajiuliza, kwa nini wahangaike na mashine ya bandia? Kwa sababu matumaini peke yake yanatia nafuu. Mama aliyelipa fedha nyingi, akalazwa kitandani, akaona taa na daktari mwenye koti jeupe, atakwambia amepata nafuu, na hasemi uongo. Ila nafuu hiyo haijui kama taa iliwaka au haikuwaka. Asiyelinganisha hivyo hawezi kukwambia kitu gani kimekuponya. Na ukitazama vizuri, hata utafiti ule mzuri ulikuwa wa miezi mitatu. Shangazi yangu anataka kuswali miaka iliyobaki ya umri wake.

Wakubwa wa mambo ya tiba duniani wamelitazama suala hili. Tarehe 30 Julai 2018, FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, ilitoa onyo kwa wanawake na madaktari kuhusu mashine hizi za joto na leza zinazotangazwa kwa mambo ya ukeni, ikiwemo kuvuja mkojo. Ilisema usalama wake na faida yake kwa kazi hizo havijathibitishwa, na ikataja madhara yaliyoripotiwa: kuungua, makovu, maumivu wakati wa tendo la ndoa na maumivu yasiyokwisha. Mwaka 2021 taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo huwaelekeza madaktari wa huko tiba ipi itumike, ilisema leza ya ukeni kwa tatizo hili hasa itumike ndani ya utafiti tu. Yaani mgonjwa awe anajua kuwa anajaribiwa, na awe anafuatiliwa.

Hebu lipime hilo. Nchi zenye madaktari wa kila aina, zenye uwezo wa kumtibu mama akiungua, zinasema subirini kwanza. Sasa mama wa Lionja, ambaye akiungua atapanda basi kurudi nyumbani na kidonda chake, yeye ndiye atangaziwe kuwa ni tiba kamili?

Sisemi leza ni utapeli. Inawezekana baada ya miaka kadhaa ya utafiti ikaonekana aina fulani inafaa kwa mama wa namna fulani, na siku hiyo nitaandika hivyo inshaallah. Ninachosema ni kwamba leo haijafika mahali pa kuuziwa mbuzi. Kuna na jambo jingine ambalo halihitaji utafiti kuliona. Leza inagusa ukuta wa uke. Haiendi kuifundisha misuli ya nyonga kazi yake, wala haimtui mama ndoo kichwani. Kilicholegeza kamba za kitanda kinabaki palepale.

Kama mwanao ameng'ang'ania na fedha ni yake, basi angalau muulizeni huyo mwenye kliniki: Kabla ya kuniwekea mashine utanipima nini ujue ninavuja kwa sababu gani? Nikiungua nitatibiwa na nani, kwa gharama ya nani? Nisipopata nafuu fedha yangu inarudi? Na mwisho, mazoezi ya misuli nimeshafundishwa na kuyafanya miezi mitatu? Atakayekasirikia maswali haya, mshukuru na uondoke.

Dawa isiyo na tangazo

Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu kuirudishia nguvu misuli hii kwa mazoezi. Mazoezi yale mpaka leo ndiyo tiba ya kwanza kila mahali, na hayana mtu wa kuyatangaza kwenye simu kwa kuwa hayana wa kumpatia faida. Wataalamu waliokusanya tafiti za nchi nyingi na kuzichapisha mwaka 2018 waliona kuwa kati ya wanawake 100 wenye kuvuja kwa kikohozi waliofundishwa mazoezi haya, 56 walisema wamepona. Kati ya 100 ambao hawakufundishwa, waliosema hivyo walikuwa 6. Soma tena tarakimu hizo mbili.

Yanafanywaje? Kaa au lala, mwili ukiwa umelegea. Fanya kama unazuia upepo usitoke mbele za watu, na papo hapo kama unazuia mkojo. Utahisi kitu ndani kinajikaza na kupanda juu. Hicho ndicho. Mapaja yasikazwe, makalio yasikazwe, tumbo lisisukumwe chini, na usizuie pumzi. Ukiweza kuhesabu kwa sauti unapofanya, basi pumzi iko sawa. Bana huku ukihesabu mpaka tano, achia na upumzike kwa hesabu hiyohiyo. Siku zinavyokwenda fika kumi. Fanya mara nane au zaidi, kisha bana na kuachia haraka haraka mara chache. Hiyo ni awamu moja, na kwa siku unahitaji angalau awamu tatu. Usiyafanyie chooni kwa kukatakata mkojo kila siku. Mara moja ya kujaribu kuijua misuli inatosha, zaidi ya hapo unakizoesha kibofu vibaya.

Na siku zote, kabla hujakohoa, kabla hujapiga chafya, kabla hujainua ndoo: bana kwanza. Hili moja tu limewasaidia wengi.

Ugumu wa mazoezi haya si kufanya, ni kukumbuka. Wenzetu huko Ulaya wanatumia simu kuwakumbusha. Muislamu ana nyakati tano ambazo hazisahau. Ukishatoa salamu na kumaliza nyiradi, kabla hujakunja msala, fanya awamu yako. Baada ya swala lakini, si ndani yake! Nasema hivyo kwa sababu nilimwambia mama mmoja naye akaelewa afanye akiwa sijda.

Subira inatakiwa. Miezi mitatu ndiyo kipimo. Mwezi wa kwanza unaweza usione kitu, ukaja kudhani umedanganywa. Wengine wanabana misuli isiyo yenyewe, na ndiyo maana inafaa kufundishwa na mtu anayejua: mkunga, muuguzi wa kliniki ya wazazi, au mtaalamu wa fiziotherapia kama hospitali unayofikia inaye. Ukienda hospitali ya wilaya Nachingwea, au ukiwa karibu na Mnero, Nyangao au Ndanda, usiseme kwa aibu "nina maumivu ya kiuno" ukapewa vidonge vya kiuno. Sema, "Navuja mkojo nikikohoa, naomba nipimwe na nifundishwe mazoezi." Kabla ya kwenda, kwa siku tatu andika au mwambie mjukuu akuandikie: umekojoa mara ngapi, umevuja mara ngapi, ulikuwa unafanya nini. Karatasi hiyo itamsaidia mganga kuliko maelezo ya nusu saa.

Kuna na msaada mwingine baada ya hapo. Kwa mama aliyekoma hedhi ipo krimu ya homoni ya kupakwa ukeni ambayo daktari anaweza kuiandika. Ipo pete ya mpira ya kuwekwa ndani, hasa kama na kizazi kimeshuka. Na upo upasuaji wa kweli kwa walioshindikana, wa kuinyanyua njia ya mkojo kwa nyuzi au kwa ukanda wa nyama ya mama mwenyewe. Kuhusu kanda za nyavu za plastiki, Uingereza ilisimamisha matumizi yake ya kawaida kwa tatizo hili Julai 2018 baada ya wanawake wengi kupata madhara. Atakayependekezewa aulize kwa makini.

Huku kwetu kuna jambo linanishangaza. Wasichana wa kusini wanafundwa na makungwi, na sehemu kubwa ya mafundisho yale ni juu ya nyonga na misuli hii hii. Masheikh wamesema mengi kuhusu ngoma za unyago na sitaki kuyarudia hapa. Ila elimu ya kubana na kuachia haihitaji ngoma. Ustadhati anaweza kuisema katika darsa ya akina mama milango ikiwa imefungwa, mkunga Muislamu akiwa amealikwa, kwa nusu saa, bure. Kwa maoni yangu hilo lingewasaidia wanawake wa Nachingwea na Ruangwa kuliko mashine zote za Dar es Salaam.

Twahara na swala

Nimeona akina mama wengi wanaojizuia kuswali, si kwa uvivu bali kwa kuona hawana twahara. Wengine wanaacha kunywa maji ili wasivuje, jambo ambalo linaukoleza mkojo, linakichokoza kibofu na kukaribisha maambukizi. Kunywa maji yako. Punguza chai kali na kahawa kama unaona zinakuzidishia.

Kuhusu swala, mimi si mufti, nitasema lile linalojulikana na anayetaka zaidi amuulize sheikh wake. Mwanamke wa zama za Mtume (s.a.w.), Fatima binti Abi Hubaysh, alipatwa na damu isiyokoma akauliza kama aache swala. Akajulishwa kuwa ile si hedhi, aoshe damu na aswali. Juu ya msingi huo wanazuoni wakaweka hukumu ya kila mwenye hadathi ya kudumu, akiwemo anayetokwa na mkojo bila kukatika. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, mtu huyo husubiri wakati wa swala uingie, hujisafisha, hujifunga kitambaa au pedi, hutawadha na kuswali faradhi yake bila kuchelewa. Kitakachotoka baada ya hapo kinasamehewa, na faradhi nyingine huitawadhia upya. Hiyo ni kwa ambaye mkojo haumpi nafasi ya kutawadha na kuswali. Anayevuja tone akikohoa, kisha akakaa mkavu saa nzima, udhu wake umetenguka na atawadhe tena, lakini hajatolewa kwenye swala wala kwenye jamaa. Saumu yake pia haivunjwi na mkojo kuvuja. Na kuonwa na daktari kwa haja ya tiba inajuzu. Akipatikana wa kike ndiye wa kwanza.

Kwa usafi wa mwili: vitambaa viwe vya pamba, vibadilishwe kila vinapolowa, vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani, si nyuma ya mlango palipo giza. Ngozi ioshwe kwa maji, ikaushwe taratibu, na ipakwe mafuta mepesi ya mgando isichubuke. Ndani ya uke usiingize sabuni, wala ndimu, wala dawa za kubana. Hizo hazishiki mkojo, zinaunguza tu.

Viongozi wa misikiti nao wana lao. Misikiti mingi ya vijijini upande wa wanawake hauna choo wala maji, na aliyevuja hana pa kutawadhia isipokuwa apite mbele ya wanaume. Tumejenga minara mirefu kabla ya kuwachimbia mama zetu choo.

Sasa akina baba. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo na nyonga ya mkeo, na kisimani haendi mara moja. Baiskeli ipo, wengine pikipiki ipo, na inakwenda sokoni tupu na kurudi tupu. Mwanamke akijifungua tunasifu arobaini kwa midomo, siku ya kumi tunamuona na kuni kichwani. Misuli iliyonyooka siku ya uzazi inahitaji wiki hizo ijirudi. Mzigo wa wakati huo unalipwa miaka ishirini mbele, na ndiyo huo sasa mnaoulizwa bei ya leza yake. Kama kaya ina fedha ya korosho ya kutosha kumpeleka mama kwenye leza, basi ina fedha ya toroli la kubebea madumu.

Shangazi hakuuza mbuzi. Alipelekwa hospitali, akapimwa mkojo na sukari, vyote vikawa salama. Mkunga alimfundisha mazoezi, na kikohozi chake cha muda mrefu kikaanza kutibiwa. Wiki iliyopita, ikiwa ni wiki ya tisa, alinipigia tena kwa simu ya jirani ileile. Ndoo bado inamvujisha, akasema, kwa hiyo mjukuu wa kiume ndiye anayechota. Kikohozi cha usiku hakimlowanishi tena. Darsa amerudi, anakaa karibu na mlango, na khanga ya pili iko kwenye mkoba.